Je, Ni Kweli Hakuna Kinachotokea?

Liko swali moja ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza huliona dogo, pengine hata la mchezo, lakini tukilitazama vizuri twaona kwamba lagusa namna tunavyokaa na jirani zetu. Swali lenyewe ni hili: mtu akiwekwa mbele ya habari za watu maskini wa nchi ya mbali, akapiga miayo, akasema, "Hapa hakuna kinachotokea," je, kosa ni la habari ile au ni la macho yake?

Tunauliza hivi kwa sababu ya picha moja ya senema iliyotengenezwa India, ambayo tangu mwaka 1955 hadi leo imekuwa ikiwagawanya watazamaji. Yaitwa Pather Panchali, maana yake Wimbo wa Njia Ndogo. Aliyeitengeneza ni Satyajit Ray wa mji wa Calcutta, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 1992. Wakati ule alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya matangazo ya biashara, wala hajawahi kutengeneza picha nyingine kabla ya hiyo. Hadithi aliitoa katika kitabu cha Bibhutibhushan Bandyopadhyay kilichotoka mwaka 1929. Wazee wetu wa pwani wanaokumbuka senema za Kihindi za zamani, zenye nyimbo na ngoma na machozi na harusi, wasitazamie kuyakuta hayo humu. Lugha yake ni Kibengali, picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe, nayo huchukua kama saa mbili.

Habari zake ni hizi. Katika kijiji kimoja cha Bengal yuko mtu aitwaye Harihar, kuhani wa Kihindu mwenye elimu kidogo na ndoto nyingi, ambaye mshahara wake hauji kwa wakati, naye haoni ujasiri wa kuudai. Mkewe Sarbajaya ndiye anayejua pipa la mchele limebaki na nini. Wana binti, Durga, na mtoto mdogo wa kiume, Apu. Nyumbani humo amejibanza pia kikongwe mmoja wa ukoo, Indir, mwenye mgongo uliopinda na meno yaliyokwisha. Durga huiba mapera katika shamba la jirani na kumpelekea bibi huyu. Shamba hilo zamani lilikuwa la baba yake, likachukuliwa kwa ajili ya deni. Siku moja mkufu wa shanga wa binti wa jirani wapotea, na Durga ashitakiwa kwamba ameuiba. Kikongwe afukuzwa, naye afa porini chini ya mianzi. Baba aondoka kwenda kutafuta kazi. Mvua za masika zafika, Durga anyeshewa, ashikwa na homa, na usiku wa dhoruba akata roho. Baba arudi na zawadi mkononi bila kujua. Mwisho wapanda gari la ng'ombe na kuhama.

Ukiisoma hivi kwa haraka utasema, "Mbona yametokea mengi? Vifo viwili, wizi, safari!" Hapo ndipo penye ajabu. Wengi walioitazama hutoka wakisema kwamba hapakutokea kitu. Sababu ni kwamba picha hii haiyapangi mambo hayo kama ngazi, moja juu ya lingine. Baina ya tukio na tukio twaonyeshwa muuza vitamu apitaye na vyungu vyake begani, watoto wakimfuata, na mbwa akiwafuata watoto, hali sote twajua kwamba nyumbani kwao hakuna senti ya kununulia. Twaonyeshwa wadudu wakitembea juu ya maji ya bwawa kabla mvua haijanyesha. Hakuna asemaye neno. Wadudu watembea tu.

Malalamiko juu ya mwendo huo si ya jana. Picha ilipofika New York mwaka 1958, mwandishi Bosley Crowther wa gazeti la New York Times alisema kwamba kwa ulegevu wake ingehesabiwa huko Hollywood kuwa kazi ambayo bado haijamalizwa kukatwa na kuunganishwa. Hata hivyo watu wa mji ule waliendelea kuingia kuitazama kwa miezi kadhaa. Huko Cannes, Ufaransa, mwaka 1956, ilipewa tuzo kwa kuonyesha vizuri maisha ya binadamu. Lakini husimuliwa kwamba François Truffaut, ambaye baadaye alikuja kuwa mtengenezaji mashuhuri wa picha, alitoka nje, akisema hana haja ya kutazama wakulima wanaokula kwa mikono. Tukiyasikia maneno hayo sisi tunaokula kwa mikono kila siku, na kuona ladha yake, twaweza kucheka. Lakini tusicheke sana. Wapo vijana wetu wa mjini wasiotaka kusikia habari za kijijini kwa bibi, nao hawakulelewa Ufaransa.

Ray mwenyewe aliujua mwendo wa kazi yake. Alieleza kwamba aliiacha hadithi izunguke-zunguke kwa sababu maisha ya kijiji maskini cha Bengal ndivyo yalivyo. Jibu hilo mtu aweza kuliona kuwa udhuru tu. Hata sisi twaweza kupika ugali mbichi, kisha tukasema maisha ni mabichi. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba kitu ni cha polepole kwa kuwa kijiji ni cha polepole. Yatupasa kuuliza polepole hiyo yafanya kazi gani.

Tuchukue kungoja. Harihar aliposafiri alisema atarudi baada ya siku chache, lakini barua zake zilikuwa chache na miezi ikapita. Mkewe alibaki na watoto wawili, nyumba inayobomoka, na vyombo vya kuuza kimoja baada ya kimoja. Katika picha za mwendo wa haraka jambo hili lingemalizwa kwa sekunde chache: majani ya kalenda yanapeperuka, kisha mume huyo mlangoni. Mtazamaji angearifiwa kwamba mama alingoja. Asingengoja naye. Wake wa mabaharia, na wake wa waliokwenda kutafuta kazi mbali, waijua tofauti ya mambo hayo mawili. Njaa ya mtu ikifupishwa ili sisi tusichoke, tunachoonyeshwa si njaa tena.

Lakini kazi kubwa zaidi ya polepole hiyo, kwa maoni yetu, ni kwamba yatunyang'anya hukumu tulizokwisha kuzitoa mapema. Mtazame huyo Sarbajaya. Nusu saa ya kwanza kila mtazamaji humchukia. Amsema kikongwe kwa chakula kidogo anachokula, amshuku kila achukuapo kitu jikoni, na mwisho amfukuza. Indir arudi mgonjwa, aomba maji ya kunywa. Mama huyu, mikono ikiwa kazini, amwambia ajitekee mwenyewe. Kikongwe ateka, anywa, kisha maji yaliyobaki ayamwagia mche mdogo alioupanda uani. Halafu aondoka, wala hatamwona mtu mwingine wa nyumba ile mpaka watoto watakapomkuta ameketi chini ya mianzi, ameinamisha kichwa. Durga amtikisa kwa mchezo, akidhani amelala. Aanguka.

Kama picha ingeishia hapo tungekuwa na mtu mbaya wa kumtupia mawe, tukarudi nyumbani tumeridhika. Lakini haiishi. Yatuweka na mama yule siku baada ya siku, hata twaona alikuwa akiliona lile pipa la mchele wakati wengine wote walikuwa wakiota ndoto. Twaona jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akitukanwa na majirani kwa ajili ya mwizi aliyemzaa. Twaona usiku wa dhoruba akimkumbatia mwanawe, huku upepo ukitaka kuing'oa pazia. Baada ya hayo hatuwezi tena kusema kwamba ni mwanamke mwenye roho mbaya. Wala hatuwezi kusema kwamba alimtendea haki yule bibi. Alimtendea vibaya, na bibi akafa. Mambo yote mawili yasimama. Mtu aliyetazama kwa dakika kumi tu atakuwa na hukumu safi kuliko yetu, lakini hukumu yake haitakuwa ya kweli.

Ndivyo ilivyo pia kwa yule jirani mwenye shamba la mapera. Ni mkali, mwenye majivuno, na ulimi wake wauma. Lakini siku familia ile inapofunga mizigo, yeye huyo aja na matunda mikononi, hajui hata aseme nini. Ni dakika moja tu ya picha. Aliyelala hakumwona.

Sasa twafikia jambo ambalo huwabishanisha watazamaji kuliko mengine yote, nalo ni la mkufu. Durga alikana. Mama yake alimpiga, akamburuta kwa nywele, akamtoa nje, naye bado akakana. Baada ya kifo chake, wakati wa kufungasha vyombo, Apu ashusha kifuu cha nazi kutoka rafuni, na ndani yake aukuta mkufu. Kumbe ni kweli aliuiba. Mtoto hamwiti baba wala mama. Akimbia hadi bwawani, autupa majini. Magugu yaliyotanda juu ya maji yafunguka pale ulipozama, kisha yajifunga tena taratibu.

Wengine husema mtoto alifanya vema: alimfunika dada yake. Wengine husema hapana: kitu cha mtu ni cha mtu, na kilichoibwa hurudishwa, kukitupa ni kuiba mara ya pili. Sisi hatupendi kulikwepa jambo hili. Kwa upande wa mwenye shanga twaona kwamba alikosewa, na kosa hilo halikulipwa. Yule binti mwingine naye alikuwa mtoto, na mkufu ulikuwa wake. Atakayetuambia kwamba mkufu wa shanga si kitu, na akumbuke kwamba aliyekuwa tayari kuuiba hakuona kwamba si kitu. Lakini hebu tujiulize kurudishwa kwake kungelipa nini siku ile. Durga hayupo kuomba radhi. Mama yake amekwisha kumpiga kwa ajili ya jambo ambalo bado aweza kuamini kwamba lilikuwa uzushi. Mkufu ukitokea, kumbukumbu yote ya mama juu ya binti yake yabadilika, na kijiji chapewa neno la mwisho la kusema juu ya maiti. Mtoto wa umri wake hakuyapima hayo yote kwa mizani. Alijua tu kwamba kuna jina moja lililobaki mikononi mwake, la mtu asiyeweza tena kujitetea.

Kwa hiyo, tukilazimishwa kusema, twasema kwamba mtoto alimkosea jirani na hakumkosea dada yake, na kwamba kati ya makosa mawili yaliyokuwepo alichagua lililo dogo. Hatuoni aibu kukiri kwamba wenzetu kadhaa hawakubaliani nasi. Tunalotaka wasomaji waone ni kwamba mabishano haya hayawezi kuwapo kwa mtu aliyeharakishwa. Ili mkufu utulemee, ilitubidi kwanza tumzoee Durga: tumwone akilamba vidole, akimvuta nduguye kwa mkono ndani ya nyasi ndefu zenye maua meupe kwenda kulitazama gari la moshi, akizunguka kwenye mvua nywele zikiwa zimelowa. Habari za mwizi tusiyemjua ni habari za polisi tu.

Tukiwa bado kwenye nyasi hizo, tuseme kidogo namna zilivyopatikana. Ray alianza kupiga picha mwaka 1952 katika uwanja wa nyasi hizo hizo. Aliporudi baada ya juma moja akakuta ng'ombe wamekula maua yote, ikambidi angoje mwaka mzima hadi yachanue tena. Fedha zilikwisha mara nyingi; aliuza vitabu na sahani zake za muziki, na vito vya mkewe vikawekwa rehani. Mwishowe serikali ya West Bengal ilitoa fedha za kumalizia, na husimuliwa kwamba kwa kuwa jina la picha lina neno "njia", fedha hizo ziliandikwa katika fungu la kutengeneza barabara. Kazi ilichukua karibu miaka mitatu. Baadaye alisema ilikuwa miujiza kwamba katika muda ule sauti ya Apu haikuvunjika, Durga hakukua, na mama mzee Chunibala Devi, aliyemwigiza Indir akiwa na miaka kama 80, hakufa. Alifariki picha ikiwa tayari lakini kabla haijaonyeshwa kwa watu wote.

Liko lawama jingine, nalo ni zito kuliko lile la kuchosha. Mwaka 1980 Nargis, yule yule mchezaji wa senema aliyependwa hata huku kwetu, akiwa sasa mbunge, alimlaumu Ray kwamba anauza umaskini wa India kwa wageni ili apate sifa. Watu wengi walimcheka. Sisi twaona alikuwa na hoja, ingawa alielekeza mshale kwa mtu asiyestahili. Kwa maana ni kweli ziko picha zinazowatembeza maskini mbele ya wenye shibe kama vitu vya mnadani. Sisi wa makanisa tusijitoe: ni mara ngapi imechapishwa picha ya mtoto mwenye macho makubwa na inzi usoni, bila jina, ili sahani ya sadaka ijae?

Basi tutawatofautishaje? Tumejaribu kufikiri, na alama tuliyoiona ni hii: maskini wa picha za kuombea fedha hana kosa hata moja. Hawezi kuwa mlafi, wala mjanja, wala mchekeshaji, maana akiwa hivyo huruma itapungua. Tazama sasa huyo Indir. Ni mlafi. Ni mdokozi wa pilipili na mafuta jikoni kwa mwenzake. Akigombezwa hukusanya mkeka wake na kuondoka kwa kishindo, akijua baada ya siku mbili atarudishwa. Ana shali iliyochanika, naye ataka mpya, na kwa kuitaka aleta ugomvi. Aliyemwonyesha hivyo hakutuomba tumhurumie. Alitukalisha naye jikoni, na huruma, kama ilikuja, ilijijia yenyewe. Mtu hawezi kukaa jikoni na bibi wa namna hiyo kwa dakika tatu akamjua.

Hata hivyo hatutaki kuwaonea waliochoka. Kuchoka si dhambi. Mama aliyetoka sokoni jioni, miguu imevimba, akataka kicheko na nyimbo, ana haki yake, wala mtu asimwite mjinga. Na tusisahau kwamba polepole yenyewe si fadhila. Ziko picha za polepole zilizo tupu kama debe, na wako watu wanaozisifu kwa kuogopa kuonekana hawakusoma. Hata kwa picha hii wapo wanaoisifu kwa sababu tu wamesikia kwamba husifiwa. Huyo aliyelala usingizi kwa unyofu twamheshimu kuliko huyo.

Tunalolikataa ni lile neno moja tu, kwamba hakuna kinachotokea. Siku hizi ni jepesi zaidi kulisema, kwa kuwa mtu huitazama picha kwenye simu, na akiona kikongwe anasogea kwenda kuteka maji huburuta kidole, akaruka hadi mahali penye kelele. Amefika kwenye kifo bila kupita kwenye maji. Kisha huuliza kwa nini wengine wanalia.

Filamu za awali za picha hii ziliungua moto huko London mwaka 1993, na mafundi wakazitengeneza upya kipande kwa kipande hadi mwaka 2015, kwa hiyo siku hizi yaonekana safi kuliko walivyoiona wazazi wetu. Anayetaka kuitazama na aitafute, lakini twamshauri asianze saa nne ya usiku baada ya kutwa ya kazi. Maandishi ya chini kwa kawaida ni ya Kiingereza, hivyo kama nyumbani wako wazee wasioyasoma, kijana mmoja akae karibu awasomee. Maneno si mengi. Akichoka katikati, aizime, aendelee kesho. Ila yale maji ya Indir asiyaruke.